Swichi ya Kilango: Uhakiki wa Istilahi Tano katika Karatasi ya Ufundi wa Magari

Istilahi hujaribiwa mahali pawili. Mahali pa kwanza ni mezani kwa wanakamati, ambapo hupimwa kwa sarufi, kwa ufupi wake na kwa udugu wake na maneno mengine. Mahali pa pili ni mkononi mwa mtu anayeitumia kazini. Jaribio la kwanza tumelizoea, na wasomaji wa kurasa hizi wameliona mara nyingi. Jaribio la pili ni nadra kuandikwa, ingawa ndilo lenye hukumu ya mwisho. Katika makala haya tunakusudia kuipima karatasi moja ya ufundi kwa jaribio hilo la pili, na kuonyesha namna maneno yake matano yalivyompeleka fundi hodari kwenye kosa ambalo macho na mikono yake visingelitenda.

Karatasi yenyewe ina kurasa nne, nayo imefasiriwa kutoka Kiingereza. Haina jina la mfasiri wala la mchapishaji, nasi hatukukusudia kumtafuta mtu wa kulaumu. Inaeleza jinsi ya kukarabati na kuseti swichi ndogo inayokaa ubavuni mwa koo la hewa la injini, katika magari yaliyofungwa mtambo wa kurushia petroli wa Bosch uitwao D-Jetronic. Mtambo huo ulianza mwaka 1967 katika magari ya Volkswagen 1600 yaliyouzwa Marekani, kisha ukafungwa katika Volvo 1800 E, Porsche 914, Citroën DS 21 na baadhi ya Mercedes-Benz. Gari lililotufikisha kwenye karatasi hii ni Mercedes-Benz 280 SE ya mwaka 1971, yenye injini ya lita 3.5 na silinda nane, inayotunzwa na mwenyewe mjini Dar es Salaam.

Huenda msomaji akauliza: ya nini kushughulikia maneno ya magari ambayo ni machache kiasi hiki? Majibu yetu ni mawili. La kwanza, kifaa cha gari la zamani hakipatikani kila duka. Kikitupwa kwa kosa la neno, gari hukaa chini ya mti hadi matairi yaoze. La pili, maneno haya haya ndiyo yanayotumiwa, au yatakayotumiwa, kwa magari mapya yaliyojaa katika kila karakana. Kosa linaloonekana wazi katika swichi ya mwaka 1971 limejificha tu katika kifaa cha leo.

Kabla ya kuyahukumu maneno hatuna budi kukijua kitu. Dereva wa injini ya petroli ya aina hii anapokanyaga, hafungui petroli, anafungua hewa. Kanyagio huvuta fimbo na waya, navyo hugeuza bamba la duara lililomo katika koo la kuingizia hewa. Kiasi cha petroli huamuliwa na kisanduku cha umeme, ambacho mafundi hukiita kontrol boksi, kwa kufuata hasa shinikizo la hewa ndani ya manifoldi. Ndiyo asili ya herufi D katika jina la mtambo: ni mwanzo wa neno la Kijerumani lenye maana ya shinikizo.

Mwishoni mwa mhimili wa bamba hilo ndipo inapokaa swichi. Kazi zake kubwa ni mbili. Kwanza, mguso mmoja hukiarifu kisanduku kwamba bamba limefungwa, yaani dereva ameondoa mguu. Pili, mkono mdogo wa metali hupita juu ya njia mbili zilizochongwa kama meno ya vitana viwili vilivyopishana. Bamba linapofunguliwa, mkono hugusa jino moja, ukaliacha, ukagusa la pili, na kila mguso ni amri ya kurusha petroli kidogo ya ziada ili injini isisite dereva anapokanyaga ghafla. Bamba linaporudi, njia hiyo hukatwa na amri hazitoki. Katika baadhi ya magari upo pia mguso wa tatu unaoarifu kwamba bamba liko wazi kabisa. Yafaa ikumbukwe kwamba katika yote hayo swichi haipimi kitu chochote. Inagusa na kuachia, basi.

Sasa tuyatazame maneno ya karatasi.

1. “Kaba”. Karatasi huliita bamba lile “kaba”. Njia aliyoifuata mfasiri tunaielewa: neno la Kiingereza lina maana ya koo na ya kukaba koo, naye akaifuata maana hiyo hadi mwisho. Lakini injini haikumfuata. Katika kabureta nyingi yamo mabamba mawili. La juu ndilo linalokaba hewa injini ikiwa baridi, na mafundi huliita choki. La chini ndilo linaloendeshwa na kanyagio. Kulipa la chini jina la kukaba ni kulivika vazi la jirani yake. Fundi aliyekulia kwenye kabureta akisoma “kaba” hutafuta choki, na mtambo wa D-Jetronic hauna choki.

Mahali pengine karatasi hiyo hiyo inaacha “kaba” na kusema “fungua mafuta polepole”. Haya ni mazungumzo yetu ya kila siku. Sote husema “kanyaga mafuta”, na barabarani usemi huo haumdhuru mtu. Katika maelezo ya kazi hali ni nyingine. Fundi ameinama juu ya injini, betri imeungwa, na karibu na mkono wake upo mpira wenye petroli iliyoshindiliwa na pampu. Kumwambia mtu huyo afungue mafuta ni kumpa amri ya hatari. Hata akiepuka moto, usemi huo unamfunza uongo juu ya injini: kwamba mguu wa dereva unatawala petroli moja kwa moja.

Sisi tunapendekeza “kilango cha kanyagio”, na kwa ufupi “kilango” pale ambapo hapana shaka. Tulifikiria kwanza “kilango cha hewa”, tukakiacha kwa sababu choki nayo ni kilango cha hewa. Kinachokitofautisha kilango hiki na vingine vyote ni kwamba kinatii kanyagio. Hata katika magari mapya, ambamo kanyagio halivuti waya tena bali hupeleka habari kwa umeme, utii huo umebaki.

2. “Kihisishi”. Hili ndilo kosa lililokaribia kumgharimu mwenye gari. Karatasi inakiita kifaa chetu “kihisishi cha mkao wa kaba”. Wanasarufi watashtuka mara moja, kwa kuwa kihisishi kwao ni neno kama “lo!” au “ala!”. Lakini kugongana na sarufi ni jambo dogo. Fundi hasomi sarufi anapofungua boneti. Jambo kubwa ni kwamba dhana mbili zimetiwa katika neno moja.

Vipo vifaa vinavyogusa na kuachia, na vipo vinavyopima kidogokidogo. Katika magari yaliyofuata, mahali hapo hapo kwenye mhimili pamefungwa kifaa ambacho umeme wake hupanda taratibu kadiri kilango kinavyofunguka. Hicho mafundi hukiita sensa, na hatuoni haja ya kuwapokonya neno lao; hakuna fundi atakayedhani kwamba anaambiwa habari za kuhesabu watu. Sensa hupimwa kwa kutazama kama mshale wa mita unapanda bila kuruka. Swichi hupimwa kwa kutazama kama mshale unaruka. Kipimo cha afya cha kimoja ni dalili ya ugonjwa ya kingine.

Ndivyo ilivyotokea. Fundi aliyepewa lile gari la mwaka 1971 alizoea sensa. Aliposoma “kihisishi” aliunga mita yake, akafungua kilango polepole, akaona mshale ukiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, tena na tena. Akaamua, kwa ujuzi alio nao na kwa neno alilopewa, kwamba kifaa kimekufa. Kilivuliwa, kikawekwa katika debe la vyuma chakavu. Kumbe kuruka kule ndiko uzima wa swichi. Ulikuwa ni mkono ukipita juu ya meno. Ugonjwa halisi, ambao tutaueleza, ulikuwa mdogo na wa kutibika.

Kwa hiyo tunasisitiza: kinachogusa na kuachia kiitwe “swichi”, na kinachopima kidogokidogo kiitwe “sensa”. Maneno yote mawili ni ya mkopo, na yote mawili yamekwisha kupata uraia. Kuunda neno la asili linaloyafuta yote mawili si kukikuza Kiswahili. Ni kukipunguzia uwezo wa kutofautisha.

3. “Mguso wa uvivu”. Injini inapozunguka bila dereva kukanyaga, Kiingereza husema kwamba imekaa bila kazi, na mfasiri akaiita mvivu. Msomaji atacheka, na fundi alicheka pia. Kisha akauliza, kwa haki, kama uvivu huo ni ubovu unaopaswa kuondolewa. Mguso huo si mbovu hata kidogo. Bila huo kisanduku hakijui kwamba mguu umeondolewa.

Mafundi wengi wa Tanzania huuita mzunguko huo “sailensi”. Neno hilo lingetufaa kama lisingekuwa jirani mno wa “sailensa”, ambayo hutumika kwa kifaa cha kupunguzia kelele za bomba la moshi. Katika maandishi irabu moja ndiyo inayoyatenga, na mpiga chapa mmoja mwenye haraka anatosha kuyachanganya. Hata hivyo, wazo lililomo ndani ya neno la mafundi ni zuri kuliko la mfasiri. Wao waliisikia injini ikitulia. Tunapendekeza kulichukua wazo lao na kulivika neno letu: “mzunguko tuli”, na kwa mguso, “mguso wa mzunguko tuli”.

4. “Njia za sega”. Kwa njia zile zenye meno karatasi inatumia “sega”. Bila shaka mfasiri alikutana na neno la Kiingereza lenye maana mbili, la nyuki na la nywele, akachukua la nyuki. Katika karakana zetu kosa hili lina mguu wa pili, kwani “masega” ni jina ambalo mafundi hulitumia kwa kichujio cha moshi kilicho katika bomba la kutolea moshi, chenye vitundu kama vya nyuki. Aliyesoma “safisha sega” katika karatasi hii angeweza kwenda chini ya gari badala ya kubaki juu ya injini. Kiswahili kina kitana na chanuo kwa ajili ya nywele. Tuseme “njia za kitana”. Mwenye kuiona mara moja haisahau.

5. “Rekebisha”. Neno hili limetumika mara nyingi mno katika karatasi, na kwa kazi mbili tofauti. Mara linataka kifaa kifunguliwe, kisafishwe na kutengenezwa. Mara linataka kilegezwe skrubu na kugeuzwa kidogo ili kikae mahali pake. Kazi ya kwanza hufanywa swichi ikiwa mezani. Ya pili hufanywa swichi ikiwa garini. Msomaji anaposoma “rekebisha swichi” hajui aivue au aiache.

Hapa karakana imetutangulia. Mafundi husema “kuseti valvu” na “kuseti taimingi”, na hakuna anayedhani kwamba valvu zinatengenezwa upya. Tunapendekeza “kuseti” kwa kazi ya kukiweka kifaa katika kipimo chake, na “kukarabati” kwa kazi ya kukirudishia uzima. “Kurekebisha” ni neno zuri, lakini lina nyumba pana mno, na katika maelezo ya ufundi ni heri lipumzike.

Ili tusiwe watu wa kubomoa bila kujenga, tumeiandika upya sehemu ya karatasi kwa maneno tunayoyapendekeza, tukampa fundi yule yule. Sehemu hiyo ni hii:

“Dalili. Gari likienda mwendo wa wastani, mguu ukiwa umetulia, linasukasuka kama linalovutwa na kuachiwa. Chomoa soketi ya swichi ya kilango, uendeshe tena. Kusukasuka kukiisha, tatizo limo katika swichi.

“Kukarabati. Toa waya wa betri. Kwa alama ya penseli onyesha swichi ilipokaa, kisha uivue na kufungua kifuniko chake. Tazama njia za kitana, hasa upande wa mwanzo, ambapo mkono hupita kila siku. Zisafishe kwa spiriti na kitambaa laini; penye weusi tumia kifutio cha penseli. Usitumie msasa, kwa kuwa tabaka la metali ni jembamba. Kama njia zimechimbika, pinda ncha za mkono kidogo sana kwa ubavu, ili zipite penye metali ambayo haijalika.

“Kuseti. Hakikisha kwanza kwamba kilango kinafunga chenyewe bila kukwama, na usiguse skrubu inayokizuia. Rudisha swichi na kuacha skrubu zake mbili zikiwa zimelegea. Unga mita kwenye pini za mguso wa mzunguko tuli, kwa kufuata namba za kitabu cha gari lako. Kilango kikiwa kimefungwa, geuza swichi mpaka mita ionyeshe kwamba njia imeunganika. Sasa fungua kilango kidogo tu: njia lazima ikatike katika nyuzi za mwanzo, kama kitabu kinavyotaja. Kaza skrubu, kisha pima tena, kwani kukaza huweza kuisogeza swichi.

“Kuhakiki. Rudisha soketi na waya wa betri. Washa swichi kuu bila kuwasha injini, ufungue kilango polepole mara moja. Nozeli zitasikika zikilia ti, ti, ti. Kilango kinaporudi ziwe kimya. Usirudie mara nyingi, kwani kila mlio ni petroli inayoingia katika injini.”

Fundi aliitoa swichi katika debe, akaifungua. Njia za kitana zilikuwa zimechimbika mwanzoni kabisa, mahali ambapo mguu wa dereva hukaa saa zote anapokwenda taratibu mjini. Alizisafisha, akazipinda ncha za mkono, akaifunga na kuiseti. Hakutuuliza maana ya neno lolote isipokuwa moja, “mzunguko tuli”. Na alipoelezwa alisema, “Aa, sailensi,” akaendelea na kazi. Jawabu hilo tunaliandika hapa kwa uaminifu, kwa sababu linatuonya kwamba pendekezo letu la tatu ndilo dhaifu kuliko mengine, na huenda karakana ikalikataa. Gari liliacha kusukasuka. Hatusemi kwamba litakaa hivyo daima, kwani njia mpya ya mkono nayo italika.

Tunajua pingamizi litakaloletwa. Wapo watakaosema kwamba ni heri kuchukua neno la Kiingereza lenyewe na kulitohoa, tuseme “throto”, kwa kuwa ndilo lililochapwa juu ya maboksi ya vipuri na katika vitabu vya magari. Pingamizi hili lina uzito. Anayekwenda dukani hununua kwa jina lililo juu ya boksi, na “swichi” na “sensa” tumeyakubali kwa sababu za namna hiyo hiyo. Lakini yapo maneno ya mkopo yaliyokwisha kuingia kazini na kupata maana moja, na yapo yale ambayo wenye kazi hawajayapokea. “Throto” bado ni la pili. Tumelisikia likitamkwa kwa namna tatu katika karakana moja, na haliwaambii wasiojua kwamba jambo lenyewe ni hewa wala si petroli. “Kilango” kinawaambia.

Hatuna budi pia kuisifu karatasi panapostahili. Sentensi zake ni fupi. Haikujaribu kubuni maneno mapya ya betri, waya, skrubu wala plagi. Michoro yake ni safi, na kama fundi angeifuata michoro bila maneno asingekosea. Sifa hiyo ya mwisho, hata hivyo, ni lawama kwa sisi tunaoshughulika na maneno.

Kosa la mfasiri si lake peke yake. Alifanya mezani kile ambacho wengi wetu hufanya: alichukua neno la kigeni, akalitafutia neno la Kiswahili linalofanana nalo, akaridhika. Hakukitazama kifaa. Tangu Sheria ya Bunge ya mwaka 1967 ilipounda Baraza la Kiswahili la Taifa, kazi ya kusanifu istilahi imekuwa na mahali pake rasmi, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini usanifu unaoishia kwenye orodha ni nusu ya kazi. Kila orodha ya istilahi za ufundi ingefaa ipelekwe karakana ikiwa imo ndani ya maelezo ya kazi halisi, apewe fundi, nasi tusimame kando tutazame mkono wake unakwenda wapi. Ukienda mahali pasipo, neno lirudi mezani.

Kwa muhtasari, mapendekezo yetu ni haya: kilango cha kanyagio, badala ya kaba na badala ya mafuta, swichi ya kilango, kwa kifaa kinachogusa na kuachia, sensa ya kilango, kwa kifaa kinachopima kidogokidogo, mzunguko tuli, badala ya uvivu, njia za kitana, badala ya njia za sega, kukarabati na kuseti, kila moja kwa kazi yake, badala ya kurekebisha.

Wasomaji walio mafundi, na walimu wa vyuo vya ufundi hasa, tunawaomba watuandikie. Wenye neno zuri kuliko “mzunguko tuli” tunawangoja kwa hamu zaidi.